Anayepita Nyuma ya Picha

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina kibanda Lushoto mjini, karibu na stendi, na nje ya mlango nimetundika ubao wenye picha za maharusi, watoto waliobatizwa na wahitimu wa kidato cha nne. Pasipoti napiga hapohapo, lakini kinachoniweka mjini ni video za harusi. Miaka ya mwanzo, nilipofika kwenye sherehe nimevaa gauni, kamera begani, watu waliniuliza mpiga picha atakuja saa ngapi. Niliwajibu kwamba ameshafika, ila hawajamwona. Wengine walicheka, wengine walinuna, nami sikuwa na ugomvi na yeyote kati yao mradi chakula cha wapiga picha kiwepo.

Ukihariri harusi nyingi unaanza kuona mambo ambayo mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgeni hayaoni. Baba wa bibi harusi hupewa kipaza sauti, mama hupewa kitambaa cha kufutia machozi. Wateja wanataka baba asikike akitoa wosia, mama aonekane akilia, na bibi harusi aonekane ameinamisha uso. Mama mkwe mmoja aliwahi kunirudishia flashi yenye video, akitaka niondoe mahali ambapo mkwewe alicheka mpaka magego yakaonekana.

"Bibi harusi gani anacheka hivi? Watu watasemaje?"

Nikamwambia mbona bwana harusi naye amecheka vilevile. Akasema huyo ni mwanamume. Sikuondoa kitu. Hakurudi tena kibandani kwangu, wala shoga zake hawakurudi, na mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa mbali.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba siku televisheni ilipoingia katika familia yetu, sikuwa mgeni wa mambo ya picha. Nilijua zinavyotengenezwa. Ndiyo maana iliniuma kuliko ilivyowauma wengine.

Mama yangu analima mboga upande wa Mlalo, bondeni chini ya nyumba yetu. Baba alipokuwa ameajiriwa kwenye mkonge kule tambarare, bonde lile lilikuwa matete na vyura. Mama ndiye aliyefyeka, akachimba mifereji ya kutoa maji, akaanza na magimbi, baadaye kabichi, halafu karoti na hoho. Baba akija likizo alimsaidia, na likizo ikiisha mama aliendelea peke yake, mimi nikiwa mgongoni. Baba alipofariki hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Siku za msiba zilikwisha, mama akachukua jembe akashuka bondeni. Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume ambaye anafanya kazi Dar es Salaam. Sote tumesomeshwa na bonde lile.

Mdogo wake baba, ambaye mimi namwita baba mdogo, anakaa ng'ambo ya njia. Sitaki kumwonea. Ni mtu mwema. Siku ya maziko alibeba jeneza la kaka yake kutoka barabarani mpaka makaburini, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Ana mashamba yake ya viazi huko juu, anaimba besi kwenye kwaya, na ana maneno matamu. Mgeni akikaa naye nusu saa anaondoka akimsifu.

Sasa, huku kwetu mgeni mwenye shughuli hapokelewi na mwanamke peke yake. Mwanamke atatoa kiti, atachemsha chai, atauliza habari za safari, lakini shughuli yenyewe inamngoja mwanamume. Mume asipokuwepo anaitwa shemeji, na shemeji asipokuwepo anaitwa hata jirani. Hakuna aliyekaa kikao akalipitisha hilo. Ni adabu tu, kama ilivyo shikamoo, na mama yangu ni mtu wa adabu.

Kwa hiyo watu wa televisheni walipofika bondeni na kamera zao, wakiletwa na bwana shamba, mama aliwakuta wamesimama kwenye tuta la karoti. Mtangazaji alikuwa dada wa rika langu. Alisalimia vizuri, akauliza mkulima wa hapa ni nani. Mama akawakaribisha, akawaomba wasubiri kidogo, akapanda njia kumwita baba mdogo.

"Mgosi, njoo useme na wageni," alimwambia. Mgosi ni neno la Kishambaa la kumwita mwanamume kwa heshima.

Baba mdogo alikuwa amevaa ndala. Mama aliona si vizuri mtu aonekane na nchi nzima akiwa na ndala shambani, akaingia ndani akamtolea mabuti ya marehemu baba. Wakiwa wanateremka akampa na la kusema: awaambie juu ya samadi, juu ya zamu za maji, juu ya kuhamisha miche jioni jua likishapoa. Baba mdogo alishika yote, kwa sababu mtu wa kwaya hashindwi kushika maneno. Mama akarudi jikoni kuweka chai. Baadaye wapiga picha walimwomba abebe tenga la kabichi apite nyuma, ili shamba lionekane lina watu. Akabeba, akapita.

Haya yote alinisimulia kwa simu jioni ileile, kwa furaha.

"Na wewe umesema nini?" nilimuuliza.

"Mimi nilikuwa na chai jikoni."

Kipindi kilipotoka tulikitazama sebuleni kwa baba mdogo, Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimepanda kutoka mjini makusudi. Chumba kilijaa, na watoto walikaa sakafuni. Baba mdogo akatokea kwenye kioo, amesimama katikati ya kabichi na mabuti ya baba miguuni, na chini yake pameandikwa jina lake na neno mkulima. Alizungumza vizuri mno. Alieleza samadi, akaeleza zamu za maji. Halafu, sijui ni ile kamera iliyompa kichwa, akasema kwamba alilianza shamba hili likiwa matete matupu. Watu sebuleni wakapiga makofi.

Kisha mama akapita. Alionekana kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu hivi, tenga kichwani, bila uso, kwa sababu lenzi ilikuwa imemlenga baba mdogo na kila kilichokuwa nyuma yake kilitoka kama kimefunikwa na ukungu. Juu ya picha hiyo sauti ya yule dada mtangazaji ikasema kwamba akina mama nao hawako nyuma katika kusaidia kazi za shamba.

"Nimeonekana!" mama akasema, akacheka, na wanawake wenzake wakamgonga mabega wakicheka naye.

Mimi sikucheka. Kusaidia! Kwenye bonde alilolikausha kwa mikono yake ameambiwa anasaidia, na aliyemwambia ni mwanamke mwenzake aliyekunywa chai yake. Lakini hata huyo sikuweza kumlaumu kwa moyo wote. Ana bosi wake, ana dakika chache, aliuliza mkulima ni nani akaletewa mkulima. Ungemuuliza, angekuambia amewapa akina mama nafasi.

Muda si mrefu baadaye niliitwa kurekodi semina ya haki za wanawake katika hoteli moja hapa Lushoto. Waliyoyasema yalikuwa ya kweli, na mengine niliyaandika nyuma ya pakiti ya betri ili nisiyasahau. Lakini nyuma ya mtoa mada palitundikwa bango kubwa la mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, ameinama. Kwa sababu ya kazi yangu niliuliza picha hiyo ilipigwa wapi na huyo mama ni nani. Hakuna aliyejua. Mmoja wao alisema waliitoa mtandaoni. Nilipomsimulia mama, aliacha kumenya viazi akaniangalia.

"Kwani huyo mama aliulizwa?" akasema.

Nilisema sidhani. Akaendelea kumenya.

Kijijini huku nyuma kipindi kile kilikuwa kimeanza kufanya kazi yake. Vijana walikikata vipande wakavirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Vikundi vya wakulima vikawa vinakuja kujifunza, wengine wakitoka mbali kama Mnazi, na wote walimuulizia baba mdogo. Aliwapeleka bondeni. Mwanzoni alisema shamba letu. Baadaye akasema shamba langu la bondeni, na wageni wakaandika hivyo. Akaanza kumwelekeza mama tuta gani lipandwe nini. Hatimaye akamwambia amepata mpango wa kupanda hoho za mfano bonde zima, kwa hiyo mama ahamie kwenye kipande cha baba mdogo cha juu, kule kwenye changarawe, ambako hata maharage yanatoka kwa kulazimishwa.

Mama alikataa. Baba mdogo akaumia, na naapa aliumia kweli. Kilichonitisha hakikuwa uongo wake, maana sidhani kama alidhani anasema uongo. Alikuwa amejitazama mara nyingi kwenye ile klipu, akisikia makofi, mpaka kumbukumbu zake zikakaa sawa na picha. Aliitisha kikao cha ukoo ili wazee waamue bonde ni la nani.

Kisha akanipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi uje na ile kompyuta yako, na spika. Wazee wengine macho yao hayawezi simu. Waone wenyewe."

Nilikasirika. Ushahidi wa kumnyang'anya mama yangu shamba unataka kuletwa na mimi, kwa mashine yangu, tena kwa adabu. Nikampigia mama kumwambia kwamba sitakuja, na kompyuta imeharibika.

"Lete," mama akasema. "Usipoleta wewe ataleta mwingine."

Kikao kilikuwa uani kwa baba mdogo. Wazee walikaa kwenye mabenchi, wanawake tulikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, mama akiwa amejifunika kanga mabegani kwa sababu ya baridi. Niliweka kompyuta juu ya stuli, nikaizungushia shuka ili mwanga usiue picha. Baba mdogo akaonekana, akasema, mama akapita, sauti ikatoa lile neno lake. Wazee waliomba kirudiwe, nikakirudia.

Mzee aliyeongoza kikao, babu yangu kwa upande wa ukoo, alisafisha koo.

"Haya. Nchi nzima imeona. Sisi tuseme nini tena?"

Nilishindwa kukaa. Nikasimama, nikaanza kueleza kwamba picha inakatwa, kwamba aliyeshika kamera ndiye anayechagua nani awe mbele na nani awe nyuma. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka mjini.

"Binti," mzee akanikatiza, wala si kwa ukali. "Wewe umekuja na mashine. Kaa."

Nikakaa. Niliona aibu, na machozi yalikuwa karibu. Hapo ndipo mama aliponyoosha mkono.

Inabidi nieleze utaratibu. Katika kikao cha ukoo, mwanamke aliyeolewa humo akiwa na neno humnong'oneza mwanamume wa nyumba yake, na huyo ndiye husimama kulisema. Baba hayupo. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam. Mwanamume aliyebaki wa nyumba ya mama, kwa hesabu ya ukoo, ni shemeji yake, yuleyule aliyemshitaki. Mzee alitazama huku na huku, akaona hivyo, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Mpe shemeji yako neno lako, atatufikishia."

Mama akasimama. Sijawahi kumwona amesimama mbele ya watu wengi kiasi kile isipokuwa kanisani, akiwa katikati ya wenzake.

"Baba zangu, shikamooni," alisema, akasubiri mpaka wote wakaitikia. "Shemeji nilishampa maneno mara moja. Leo mniruhusu niyaseme mwenyewe."

Hakuna aliyemruhusu, wala hakuna aliyemkataza.

"Siku ile wageni walikuja kwangu. Nikamwita shemeji kwa heshima, maana ndivyo mlivyonifundisha nilipoolewa hapa. Nikampa mabuti ya marehemu avae. Nikampa na ya kusema. Alisema vizuri, nami nilimshukuru. Mabuti alirudisha. Maneno sijamdai. Shamba sikumpa."

Akakaa. Kanga ilikuwa imemteleza begani na hakuiokota. Baba mdogo alikuwa akiangalia chini. Nadhani wakati ule aliyakumbuka matete, na nani alikuwa ndani yake. Lakini hakusema, na mimi bado sijamsamehe kunyamaza kule.

Wanawake tuliambiwa twende tukapakue makande, wazee washauriane. Walipotuita waliamua kwamba bonde si la baba mdogo. Ni la marehemu, na kwa hiyo ni la mwanawe wa kiume. Mama ataendelea kulima mpaka kijana atakaporudi. Vigelegele vikapigwa jikoni. Watu walimshika mama mkono wakimpongeza, naye alishukuru kila mmoja, hata wale ambao najua walitaka ashindwe.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye, kompyuta nimeibeba mgongoni. Nilijitahidi kunyamaza nikashindwa. Nilimwambia kwamba hawajampa kitu. Wamemwondoa nyuma ya shemeji wakamweka nyuma ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Bado anasaidia. Nilisema na mengine, kwa sauti, mpaka ndege wakaruka kwenye miti.

"Unanigombeza mimi?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi punguza. Miguu bado inanitetemeka."

Nikamshika mkono, tukaenda polepole. Nilikuwa nimesahau kwamba aliyesimama mbele ya wazee ni yeye, mimi nilikaa nilipoambiwa nikae.

Baada ya hapo hakuzungumzia tena jambo hilo, nami nilidhani limekwisha. Mdogo wangu alikuja Pasaka, wakakaa siku nzima na mama bondeni, na wakati wa kuondoka alinipungia tu mkono akiwa dirishani mwa basi la Mombo. Maisha yakaendelea. Msimu wa harusi ukaanza, nikawa sina Jumamosi.

Siku moja ya soko, asubuhi, mama alitokea mlangoni kwangu bila kunipigia simu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kipya, na mkononi ana kiroba cha viazi kwa ajili yangu. Nikadhani amekuja kuuza karoti akapitia kunisalimia. Nikamwambia akae nimwagizie chai.

"Chai baadaye. Nimekuja kupigwa picha. Zile ndogo za ofisini."

Nikamuuliza za nini. Akanieleza kama anayeeleza habari za mvua. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji akauliza, akaambiwa kwamba shamba linaweza kupata hati ya kimila kwa jina lake, mradi mwanawe na majirani wa mipaka waridhie. Mdogo wangu alikuja Pasaka kwa ajili hiyo. Alisimama mbele ya halmashauri ya kijiji akasema bonde ni la mama, lilikuwa la mama tangu yeye hajazaliwa. Majirani wote wameridhia. Jirani wa upande wa juu ni baba mdogo.

"Naye ameridhia?"

"Ameweka sahihi. Hakuniangalia, lakini ameweka."

Nilivuta pazia la bluu, nikaweka stuli, nikawasha taa. Mama alikaa kwa ubavu, akainamisha uso kidogo, akakusanya mikono mapajani. Ndivyo alivyo katika picha zetu zote. Katika hii ameshika sinia, katika ile amemshika mtoto wa jirani, kwenye ile ya ukutani nyumbani amejificha nusu nyuma ya bega la baba.

"Nishike nini?" akaniuliza.

"Usishike kitu, mama."

"Sasa mikono niweke wapi?"

"Haitaonekana. Unaonekana uso tu. Geuka huku, niangalie mimi."

Akageuka. Aliinua uso akaitazama lenzi kwa shida mwanzoni, kisha bila shida. Nililenga macho yake. Ilinibidi nisubiri, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji na nilikuwa sioni kitu, na yeye akabaki ametulia, hakuuliza nasubiri nini. Halafu nikapiga.

Pasipoti hutoka nne kwa pamoja. Nilizikata kwa mkasi, nikazipanga mezani, naye akavaa miwani akazitazama moja moja ingawa zinafanana. Mbili akazitia kwenye bahasha ya ofisini. Ya tatu akanisogezea.

"Hii mpelekee baba yako mdogo. Mwambie wageni wakija tena kuuliza mkulima, awaonyeshe."

Nikauliza ya nne nimpelekee nani. Mama alikuwa ameshaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Hii ni yangu," akasema. "Sina picha niliyopigwa peke yangu."